Viti vya Nyuma

Mwanangu Muhonja,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukibishana na zipu ya begi. Kesho asubuhi baba yako atakusindikiza stendi, upite Kitale, ufike Lodwar, ukaanze kazi yako ya ualimu. Mambo ya neti, dawa ya kusafisha maji na kutokula nyama usiyojua ilichinjwa lini, baba yako ameyaandika kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma. Hapo sina la kuongeza. Mimi niliishia kidato cha pili, na hata hii barua nimeianza mara tatu nikifuta. Lakini kuna habari moja ambayo nimekuhadithia nusu tangu ukiwa mdogo, na sitaki uondoke na nusu.

Unajua mama yako alikuwa akishindana magari. Ile picha ya sebuleni, nimesimama kando ya gari ndefu ya rangi ya maziwa, nimeinua sufuria mpya, zawadi ya mshindi, kama kombe, umewaonyesha marafiki zako mpaka fremu imelegea. Unawaambia, "Mama alikuwa bingwa." Ni kweli, na sioni haya kusema ni kweli. Ila sufuria ile ni ya ushindi wangu wa pili. Ushindi wa kwanza hauna picha. Nataka kukwambia jinsi nilivyolipoteza jina langu kwenye uwanja ule kwa mkono wangu mwenyewe, na jinsi Mungu alivyonisaidia kulirudisha.

Siku zile hakuna aliyejua sawasawa tulikuwa tunafanya nini. Mwalimu Wanzala, mzee aliyekuwa amestaafu kufundisha fizikia, alisoma mahali kwamba watu hushindanisha magari mawili mawili kwenye njia iliyonyooka, yakianza yakiwa yamesimama, robo maili tu, basi. Akatuombea ruhusa ya kutumia uwanja mdogo wa ndege Jumamosi moja kila mwezi. Robo maili yenyewe tuliipima kwa kamba ya kupimia mashamba ya miwa. Mistari tuliichora kwa chokaa. Taa za kuanzia hatukuwa nazo. Mke wa Mwalimu alisimama mbele yetu ameinua kitambaa chekundu cha meza, akikishusha mnaondoka. Mwalimu alikaa kule mwisho na saa yake ya kupimia mbio. Ng'ombe wakiingia, tunangoja wamalize kuvuka.

Magari yalikuwa ya watu wa kawaida: mchinjaji, afisa wa kilimo, madereva wa teksi. Ndiyo maana sheria ya Mwalimu ilikuwa moja. Gari iwe vile ilivyotoka kiwandani. Hakuna kuchonga injini, hakuna kupunguza kitu. Spea iwemo, jeki iwemo, viti vyote viwemo. "Gari umekuja nayo," alikuwa akisema, "ndiyo utarudi nayo kwa bibi yako." Siku ya kwanza aliponiona mimi katikati ya wale wanaume, akakohoa kidogo. "Ama kwa mama yako."

Tena kulikuwa na desturi yetu, sijui kama kwingine iko. Mkaguzi hatukuwa naye. Mkaguzi alikuwa yule aliyeshindwa. Ukishindwa, una haki ya kuipekua gari iliyokushinda mbele ya watu wote: ufungue boneti, uinue spea, ukalie viti, ulale chini uchungulie. Ukitosheka, unampa mwenzako mkono na kusema, "Ni halali." Bila neno hilo kutoka kwa mdomo wa uliyemshinda, hujashinda kitu.

Gari yetu ilikuwa 504, stesheni ile ya viti vya safu tatu. Mjomba wako Shitandi aliinunua ikiwa imekufa, akaifufua hapo gereji kwake Malava. Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Jumatatu hadi Ijumaa nilisambazia maduka mikate, na kwa sababu ya mikate tulikuwa tunang'oa viti vya nyuma na kuviacha gereji. Wikendi tunavirudisha, kwa sababu Jumapili niliwabeba akina mama wa kanisa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijaolewa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na nilipenda kwenda kasi. Nimelikiri hilo kwa Mungu mara nyingi na sijasikia akiniambia ni dhambi.

Kulikuwa na mtu wa Navakholo anaitwa Amunga, dereva wa trekta la miwa, mrefu, mpole, na gari yake ndogo ya saluni, nyeupe, tuliyoiita Nyange. Alinishinda mara nne mfululizo. Kila nikifika wa pili, watu waliokaa kwenye nyasi wanaimba kwa pamoja, "Mikate imefika!" Na mwingine anajibu, "Imefika ikiwa baridi!" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nilikuwa silali vizuri.

Sasa sikia. Jumatatu moja baada ya kushindwa mara ya nne, nilimaliza kupeleka mikate mapema, nikarudi Malava gari ikiwa tupu, bila viti, bila kreti. Nikakanyaga kidogo pale barabara inaponyooka. Gari iliruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nilifika gereji nikitabasamu, nikamkuta mjomba wako chini ya lori.

"Shitandi, hii gari bila viti inarukanga."

"Ni uzito," akasema akiwa huko chini. "Springi za viti ni chuma tupu."

"Na tukitoa springi, tuache ngozi peke yake? Tuijaze kitu chepesi, ikae kama kiti?"

Alitoka chini ya lori pole pole. "Loisi. Hiyo ni wizi."

"Injini hatujagusa. Ni viti tu. Amunga hakaliangi viti, yeye hufungua boneti anafunga."

"Mwalimu akijua?"

"Atajuaje? Wewe unaogopa nini, na mimi ndiye nitaendesha?"

Nimeandika maneno hayo kama yalivyokuwa ili uone. Yeye alisema wizi, mimi nikasema viti. Ukiona moyo wako unaanza kuita kitu kwa jina dogo, mwanangu, simama hapo kidogo. Mimi sikusimama. Nilimbembeleza siku tatu, na kwa kuwa ananipenda akakubali. Tuliomba makapi makavu ya miwa kwa jirani aliyekuwa akipika sukari nguru, tukayajaza ndani ya ngozi za viti, akashona. Ukiviangalia, viti. Ukivinyanyua, unainua kwa mkono mmoja.

Jumamosi ya mashindano nilimshinda Amunga. Nilimwacha kwa urefu wa gari nzima, na wale wa nyasi hawakujua la kuimba. Niliposhuka nilijua bado desturi. Amunga alikuja akitembea vile anavyotembeanga, bila haraka. Akaweka kiganja juu ya boneti yangu. Halafu akakitoa.

"Fungua!" mtu akapiga kelele.

"Nifungue nini?" Amunga akasema. "Huyu ni mtu wa kanisa. Anabebanga mama za watu kila Jumapili. Nipekue nini hapo?" Akanipa mkono. "Ni halali."

Muhonja, nimewahi kutukanwa, nimewahi kuibiwa, nimewahi kuzika. Hakuna kitu kimewahi kunichoma kama mkono ule. Angefungua, angekalia, angenipata, ningelia na yakaisha. Lakini aliniamini, tena aliniamini kwa jina la kanisa, nami nikaupokea mkono wake na kusema asante.

Jioni ile hatukurudisha springi ndani ya viti. Watu walitushika huku na huku, chai, hadithi, tukasahau. Kumbe kesho yake ni Jumapili.

Nilimchukua Mama Rasoa kwanza. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mtu mzito kwa mwili na kwa maneno. Akaingia nyuma na Biblia yake na kikapu, akajitupa kwenye kiti kama kawaida. Akazama. Sikuona tena kitambaa chake cha kichwa kwenye kioo. Niliona vidole vinne tu vimeshika mgongo wa kiti cha mbele.

"Loisi," sauti ikatoka huko chini. "Hii kiti imeenda wapi?"

"Springi zimechoka, mama."

"Zimechoka ama zimekufa?"

Mama mwingine akaingia upande ule mwingine, naye akazama. "Uwii, nivuteni. Mimi nimeshafika kwa barabara." Wakacheka mpaka machozi. Wakatoka kanisani nguo za nyuma zimejaa makapi ya miwa, wakipanguzana. Hawakushuku kitu. Na mimi nikacheka nao, ndio uongo wa pili huo, maana uongo huwa hautembei peke yake.

Ndani ya ibada mchungaji akatangaza. Kwamba binti yetu jana amewashinda wanaume, na kwamba hakuacha kumtumikia Bwana. Nisimame. Nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi, na Mama Rasoa akapiga kigelegele, mgongo wake bado una makapi. Nilikaa chini nikajua siwezi. Si kwamba niliogopa kushikwa. Hakuna mtu angenishika. Ni kwamba kila mtu niliyempenda alikuwa anapenda mtu mwingine, mtu ambaye hayupo.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Jumamosi ilipofika nilienda uwanjani na viti vile vile, tumevijaza makapi tena. Shitandi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kabla mashindano hayajaanza nilimwomba Mwalimu awaite watu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikakitoa kiti kwa mkono mmoja, nikakiweka kwenye chokaa. Nikasema, "Nilimshinda Amunga kwa hiki. Tulitoa springi."

Mwalimu akakisukuma kile kiti kwa kiatu. Akauliza kwa sauti yake ile ya darasani, "Wazo lilikuwa la nani?"

Shitandi akasema, "Langu."

Hapa ndipo ilipo ile nusu ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima kusema ukweli, nimefunga, nimeomba, na kaka yangu aliponifungulia mlango wa kutoka, nikasimama hapo mlangoni. Nilinyamaza muda ambao gari ingemaliza uwanja mzima, sekunde ishirini hivi. Mwalimu akasema, "Basi Shitandi, wewe hutagusa tena gari yoyote hapa." Na mjomba wako akaitikia kwa kichwa, akaanza kutafuta funguo mfukoni ili aondoke.

"Ni langu," nikasema. Ilitoka ndogo. Nikarudia. "Mwalimu, ni langu. Yeye aliniambia ni wizi."

Siku hizi nikiwasikia watu wakitoa ushuhuda, huwa nafikiria zile sekunde ishirini. Mtu anaweza kuwa katikati ya kutubu na bado anatafuta mahali pa kujificha. Nakwambia kwa sababu utakosea huko uendako, nawe utajipanga kusema ukweli, na katikati ya kusema utajikuta umeacha kipande. Rudi ukichukue hicho kipande. Usijichukie kwa kuwa kilibaki, rudi tu.

Amunga alikiangalia kile kiti, akanitazama, akaenda zake kwa Nyange. Ningetamani angenifokea.

Adhabu yangu ilikuwa kukaa nje mashindano matatu, na katika hayo matatu nifike kabla ya wote, nifagie uwanja, nifukuze ng'ombe, halafu nisimame pale mwanzo kando ya mke wa Mwalimu nimshikie mwavuli. Wale wa nyasi walifurahi sana. "Dada wa makapi! Fagia na hapa umeacha!" Nilifagia na pale.

Lakini Mungu ana njia zake, mwanangu. Kwa kusimama mwezi baada ya mwezi hatua mbili kutoka kwenye magurudumu, niliona kitu ambacho nikiwa ndani ya gari sikuwahi kukiona. Mimi nilikuwa nadhani nashindwa kwa uzito. Wote tulidhani hivyo. Kumbe watu wanashindwa wakiwa hawajaondoka. Wengi wanaachia kluchi kwa hasira, magurudumu yanazunguka bure, moshi, kelele, watu wanashangilia, na gari iko pale pale. Amunga hakuwa na kelele. Alizoea kuondoka na trekta lenye matela mawili ya miwa kwenye matope, mahali ukikanyaga kwa hasira unazama. Aliachia kluchi kama mtu anayemlaza mtoto. Tena hakuangalia kitambaa. Aliangalia bega la mke wa Mwalimu, kwa sababu bega hushuka kabla ya mkono.

Nikaenda kujifunza. Kila asubuhi kabla ya mikate, pale nyuma ya gereji, gari nimeijaza kreti, natoka na kusimama, natoka na kusimama, mpaka Shitandi akasema kluchi ni yake na mguu ni wangu na tuelewane. Nilijifunza kusikiliza injini na kubadilisha gia bila kuangalia chochote.

Mwezi wa nne nikarudi. Viti vya kweli, springi zote, spea, jeki, hata vitabu vya nyimbo vya akina mama vilikuwa kwenye buti sikuvitoa. Mama Rasoa alikuwa amekuja. Nilikuwa nimemwendea nyumbani kwake kumwambia kwa nini alizama, akasema angetaka kuona hayo mashindano yaliyomfanya akae chini kama kuku anayeatamia. Alikuja na akina mama sita na jerikeni la uji.

Nikapangwa na Amunga. Hatukuwa tumeongea miezi yote hiyo. Aliinamisha kichwa kidogo kunisalimu, nami nikainamisha. Nikaliangalia bega. Bega likashuka.

Sikusikia kelele yoyote. Magurudumu yalishika tu, taratibu, kama mkono unaoshika mkono, na gari ikaondoka yote kwa pamoja, viti na nyimbo na kila kitu. Gia ya pili niliingiza nikiwa mbele yake kwa boneti. Ya tatu akanifikia. Niliona pua nyeupe ya Nyange pembeni ya jicho, ikija, ikija. Sikuongeza hasira. Nikangoja injini iniambie, ikaniambia, nikaweka ya nne, na ile pua nyeupe ikaanza kurudi nyuma pole pole mpaka ikatoka kwenye jicho langu. Nilivuka chokaa nikiimba sauti ya pili, peke yangu, bila ya kwanza.

Mwalimu alikuja mbio na saa yake mkononi, mzee yule, akipungukiwa na pumzi. Nilikuwa nimekwenda kasi kuliko siku ya makapi. Na viti ndani! Huko kwenye nyasi akina mama walikuwa wanacheza na jerikeni lao, na hata wale waimbaji wa mikate walikuwa wamesimama.

Halafu Amunga akaja, bila haraka. Safari hii hakuweka mkono juu ya boneti akautoa. Aliifungua. Akaangalia kila mrija. Akatoa spea, akaipima kwa mikono miwili, akairudisha. Akalala chini na shati lake jeupe. Akaingia nyuma, akakaa safu ya pili, akaruka ruka mara tatu, springi zikalia. Akahamia safu ya tatu, magoti yamefika kidevuni, akaruka tena. Mimi nilisimama pale nikijua hakuna kitu atakachopata, na sijui nikuelezeeje raha ile. Kushinda ni kutamu, siwezi kukudanganya. Lakini kusimama wazi na mtu anakupekua, nawe ndani yako kumetulia tuli, huo ndio utamu ninaokuombea, Lodwar na kote utakakopita.

Amunga alitoka, akajipangusa magoti, akanipa mkono mbele ya wote. "Ni halali." Kisha hakuachilia mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada Loisi, mama yangu haoni vizuri na miguu imekataa. Kanisani ameacha kwenda mwaka wa pili huu. Saluni yangu ni fupi, haingii. Mkipita njia ya Navakholo Jumapili, unaweza kumbeba?"

Nilimbeba. Jumapili iliyofuata nilifika mapema kuliko wote, tukamwingiza pole pole, akakaa nyuma, akapapasa kiti kushoto na kulia kwa viganja vyake.

"Ni wewe ule wa makapi?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Mtoto wangu ameniambia yote." Akaegemea, akafumba macho. "Haya, endesha. Lakini leo usishinde mtu."

Mungu akutangulie, binti yangu.

Mama yako,
Loisi
Shieywe